Udongo wa Chini ya Kitanda cha Mama

Tabora,
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu Mwantumu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ajili ya umbali, maana moja peke yake naona haitavuka pori lote hili mpaka ikufikie Handeni. Mimi nakula na nalala. Wifi yako Amina anaamka, anatembea, anapika, ila maneno yake yamepungua. Sijui ninyi. Mguu wa shemeji umepona? Mtama umeshika, au ngedere wamewatangulia? Na mwanao Zaina, mpwa wangu, tumbo lake limekaaje?

Barua yako imefika. Nilipoona mwandiko ni wako mwenyewe, si wa mtu wa kuazima, nilisimamisha kazi bohari nzima. Niliwaita wapakiaji wangu nikawaambia, "Tazameni, dada yangu kaanza kisomo cha watu wazima juzi tu, na herufi zake zimesimama kama askari wa gwaride." Kuna mmoja mwenye mdomo akasema mbona hii moja imelala. Nikamwambia hiyo inapumzika, imetoka mbali.

Lakini nilipofika upande wa pili wa karatasi nikaacha kucheka. Umeandika kwamba operesheni imewafikia, mmeambiwa mwondoke kitongojini kabla ya mvua za vuli mhamie kijiji kipya upande wa Kwamsisi. Hiyo ni amri ya serikali, sina neno nayo, na kama kweli kutakuwa na zahanati basi heri. Umeandika Zaina anatoka Manundu kwa mumewe kuja kujifungulia kwako mtoto wa kwanza, kama inavyotakiwa. Hilo ni jema. Halafu ukaandika hivi, na nayarudia maneno yako: "Kabla nyumba haijabomolewa nitachota udongo wa chini ya kitanda cha mama pamoja na papasi wake, niutie kwenye kibuyu tuhame nao. Zaina amekaa sana kwenye sakafu ya saruji, damu yake imesahau. Nitamlaza juu ya udongo ule papasi wamuonje, ili homa isije kumkuta mgeni akiwa mzazi."

Dada, usichote.

Nimeliacha neno hilo peke yake kwenye mstari ili hata barua ikilowa njiani lisomeke. Usichote udongo ule na kupe wake. Na Zaina asilale ndani ya nyumba ya zamani hata usiku mmoja.

Najua utasema Athumani kaanza. Mtamkumbuka yule chatu wa bonde la Msangazi niliyemfunga kwa kamba ya katani nikiwa kijana, na mtasema aliyetuambia urefu wa chatu yule ndiye leo anatuambia habari za papasi. Sawa. Chatu alikuwa na urefu niliousema, sipunguzi hata shubiri. Lakini leo siandiki ili nisifiwe. Nilikuletea salamu kwa mdomo wa yule dereva wa lori anayepita Kabuku, kwamba mtoto wetu kazaliwa kabla ya wakati na hakukaa. Sababu sikumpa dereva. Sababu ya namna ile haibebwi na dereva. Naileta mwenyewe hapa.

Mambo yalianza kwangu, si kwa Amina. Baada ya mavuno, Amina alipokuja kunifuata huku, nilikaa naye vizuri kama miezi mitano, halafu homa ikanishika. Homa, dada, si homa hizi za watu. Kipimajoto walichonitia kwapani kilipanda mpaka kikakosa pa kwenda. Kichwa, mgongo, macho mekundu, kutapika. Zahanati wakasema malaria, wakanipa vidonge vichungu. Siku chache baadaye jasho likanimwagika kama mtu aliyevuka mto, na homa ikaondoka. Nikarudi bohari nikawaambia wenzangu, "Nimeiangusha." Siku ile nilibeba peke yangu magunia ambayo watu wawili husaidiana.

Wiki ikapita, nikiwa mzima kabisa. Halafu ikarudi vilevile. Nikaiangusha tena, nikajisifu tena. Ikarudi mara ya tatu, na safari hii iliniangusha yenyewe, nikiwa juu ya ubao wa behewa na gunia begani. Wakanipeleka hospitali kwa mkokoteni wa kituo.

Hapo ndipo nilipokutana na bwana maabara. Anaitwa Mihayo, Mnyamwezi, yaani mtani wetu tangu enzi za misafara ya miguu. Alipojua mimi Mzigua akasahau kwamba naumwa.

"Mzigua, umekuja kufia kwetu ili tuingie gharama ya sanda?"

"Sanda ya Mnyamwezi sivai," nikamwambia. "Mnazitoboa kwa kuzijaribu wenyewe."

Akanitoboa kidole huku anacheka. Akaniambia bahati yangu nimeletwa homa ikiwa juu, maana wadudu wa homa fulani huonekana kwenye damu wakati wa moto tu. Moto ukishuka, utatafuta mpaka upofuke usiwaone. Akaondoka na kioo chake chenye tone langu. Aliporudi hakuwa anacheka sana. Akamwambia mganga wa zamu, "Huyu si malaria. Huyu ana homa ya papasi."

Nikapigwa sindano ya penisilini. Dada, ile sindano! Saa chache baadaye nilitetemeka kitanda kikatembea. Nasema kilitembea, kilitoka ukutani kikafika karibu na mlango, yupo mgonjwa wa kitanda cha pili ni shahidi. Nilidhani ndiyo kutoka roho. Mihayo akaja akanishika bega, akasema, "Vumilia mtani, wanakufa wote kwa mkupuo, na uchafu wao unamwagika kwenye damu. Hii ndiyo vita ya mwisho." Kweli, kulipokucha nilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nilipopata nguvu nilimwomba anionyeshe hao walioniangusha mara tatu. Nikamwambia katika maisha yangu hakuna aliyeniangusha hata mara moja bila mimi kumwona uso. Akanipeleka kwenye darubini yake, akanifundisha kufumba jicho moja. Mwanzo niliona rangi tu. Halafu nikaona chembe za damu, duara duara kama sahani zilizomwagwa, na katikati yake nyuzi za zambarau zimejikunja.

"Unaona nini, Mzigua?"

"Naona singa."

"Singa gani?"

"Singa za mkonge. Zimesokotwa na mtu mvivu."

Unakumbuka, dada, kabla ya reli nilifanya kazi kule korona, kwenye mashine ya kusaga mkonge, upande wa Korogwe, mpaka nikawa fundi wa karakana ya kamba. Mkonge ukishasagwa na singa zikianikwa, mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia msokoto. Kamba nikiishika gizani nilimjua aliyeisokota. Basi Mihayo aliposikia vile akakaa kwenye kiti akanieleza ukoo mzima wa wadudu wale kwa lugha ya kamba, na kwa hiyo umeniingia na hautoki. Nakuandikia uusome polepole, maana nataka uwaone kama nilivyowaona.

Anasema vijidudu vya maradhi, hivyo wanavyoviita bakteria, hupangwa kwanza kwa umbo. Wapo wa mviringo kama punje za mtama, wengine wameshikana kama shanga, wengine wamerundikana. Wapo walionyooka kama njiti. Na wapo waliosokotwa, wembamba kuliko wote, na jina la ukoo wao ni spiroketi. Wadudu wengine wenye mkia huutoa nje wakapiga nao maji kama samaki. Hawa waliosokotwa mkia wao umefungwa ndani, chini ya ganda, kama ugwe unaopita katikati ya kamba. Ugwe ule ukizunguka, mwili wote unajipinda na kwenda mbele kama kekee inayotoboa ubao. Ndiyo maana penye ute mzito wenzao wanaponasa, wao hupita.

Ukoo huo, kwa wale wanaotusumbua sisi watu, una nyumba tatu. Ya kwanza ni hawa wa papasi. Msokoto wao ni mlegevu, mapindo machache, hayalingani, na hupokea rangi, kwa hiyo huonekana kwa darubini ya kawaida. Nyumba ya pili msokoto wao umekaza, mapindo yanafuatana sawasawa kama kamba iliyotoka mashineni, na ni wembamba kiasi kwamba mwanga wa kawaida unawapita kama hawapo. Mpaka uweke giza nyuma yao, ndipo wang'ae kama nyota. Katika nyumba hiyo wamo wawili wanaofanana kama mapacha, hata Mihayo hawezi kuwatenga kwa macho. Mmoja ni wa ule ugonjwa wa aibu, ambao kwa heshima yako silitaji jina. Wa pili, dada, ni wa buba. Ndiyo, buba. Lile kovu kwenye muundi wako, ulilokuwa ukilifunika na kanga usichekwe kisimani, lilichimbwa na binamu wa hawa wa papasi. Nyumba ya tatu ni wembamba mno, wamepinda ncha kama ndoano, hukaa kwenye mkojo wa panya na kuingia kwa mtu kupitia maji na matope.

Nikamuuliza, "Sasa kama mwili wangu ni hodari, na unajua ni hodari, mbona nilimwangusha akarudi?"

Akasema, "Wewe umemwangusha kweli. Lakini huyu wa papasi ni mwizi mwenye kanzu nyingi. Damu yako inamjua kwa kanzu aliyovaa, inamkamata, homa inashuka. Wachache wanaobaki wanajificha, wanabadili kanzu, wanatoka tena. Damu yako inawapisha kama wageni. Wakishajaa, homa hiyo."

Mpaka hapo dada nilikuwa nafurahia. Nilikuwa nimeshapanga namna nitakavyowasimulia bohari. Ndipo Mihayo akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka leo.

"Unalala wapi?"

"Nyumba za reli. Saruji chini, bati juu."

"Papasi hakai kwenye saruji. Yeye ni wa sakafu ya udongo, nyufa, na miguu ya kitanda cha zamani. Mchana amejificha, usiku anatoka, ananyonya, anarudi. Mji huu wa reli hana makao. Huyu wa kwako katoka wapi?"

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Amina. Alikuwa ameketi anachambua mchele, tumbo limeshatangulia mbele, mwezi wa saba unaanza. Hakushtuka. Aliinama kwa taabu, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi.

Unakijua kibuyu hicho, dada.

Akaniambia, "Dada Mwantumu alinipa siku naondoka. Udongo wa chini ya kitanda cha mama. Alisema wewe umekaa ugenini miaka, damu yako imesahau kwenu, siku utakayorudi homa ya nyumbani itakuua kama mgeni. Alisema niwe nakifungua usiku mara moja moja, wale wasife njaa, wakuonje kidogo kidogo."

"Na wewe?"

"Mimi mwenyeji wao. Nimezaliwa nao." Halafu akasema, na alikuwa anatabasamu, "Nilikipakata kwenye gari moshi njia nzima kama mtoto. Watu wakiniuliza nina nini, nawaambia nimembeba mkwe."

Nilikipeleka kibuyu kwa Mihayo kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Akakimwaga kwenye sinia jeupe. Mwanzo udongo mtupu. Tukakaa. Halafu udongo ukaanza kutembea. Wale bapa, rangi ya ngozi kuukuu, kama vipande vya kiatu vilivyoota miguu. Mihayo akapiga makofi.

"Haya! Wanyamwezi tunafuga ng'ombe, Wazigua wanafuga papasi! Na mahari mnalipa kwa hawa?"

Na mimi nikacheka. Nikamwambia hawa ni madume, majike tumeyaacha nyumbani. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaniuliza, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, "Na nani alikuwa anawafungulia usiku?"

"Mke wangu. Yeye hawamdhuru, kazaliwa nao. Tena yuko mjamzito, mwezi wa saba."

Kicheko kilikatika. Akavua miwani. Akasema, "Mlete. Usimalize hata sentensi nyingine. Nenda kamlete."

Nilimleta siku hiyohiyo. Njiani ndipo aliponiambia kwamba siku mbili tatu mwili ulikuwa unachemka, akadhani ni uzito wa mimba. Mihayo alichukua damu. Alipoinuka kwenye darubini nilisoma usoni mwake kabla hajasema. Damu ya Amina ilikuwa na singa.

Walimpa dawa. Mganga alijitahidi, na manesi walijitahidi, sina wa kumlaumu. Lakini mwili ulikuwa umeshachomwa, na uchungu ulishika kabla ya alfajiri. Alizaliwa mtoto wa kike. Alikuwa mdogo, dada, nilimpakata kwenye kiganja na kipande cha mkono. Mimi ambaye nimebeba kila kitu kwenye reli hii sijawahi kubeba kizito kama kile. Alilia mara moja, kilio chembamba, akapumua mpaka adhuhuri. Sheikh akasema maadamu alilia anapewa jina na anaswaliwa. Nikampa jina la mama. Mwanahawa.

Mazishini Mihayo alikuja. Unajua desturi, mtani msibani ana ruhusa. Angeweza kulala kaburini atake fedha, angeweza kunivua kofia, na mimi ningepaswa kuvumilia. Watu walikuwa wanamsubiri. Alishuka mwenyewe kaburini, akampokea mtoto, akamlaza, akapanda juu akasimama pembeni amefunga mikono. Mtani aliponyamaza ndipo nilipojua ukubwa wa jambo langu.

Baada ya matanga alikuja nyumbani. Amina alikuwa mkekani. Akainua kichwa akamuuliza yeye, si mimi:

"Wazee wetu waliishi nao. Mama mkwe aliishi nao mpaka akazeeka. Walikosea wapi?"

Naomba dada usikie jibu lake vizuri, kwa sababu ndilo limenifanya nikae na kalamu. Hakumdharau. Alikaa chini mkekani kama ndugu. Akasema, "Mama, wazee wenu hawakuwa wajinga. Waliona kweli. Anayeng'atwa mara kwa mara tangu utoto, akibaki, damu yake huzizoea zile kanzu, na homa humjia nyepesi. Akikaa mbali miaka mingi, husahau. Hayo yote ni kweli. Ila mimba huvunja mazoea hayo. Mwanamke akibeba, homa humrudia kama mgeni, na mtoto aliye ndani hana mazoea yoyote. Hakuna wa kumfundisha. Wazee walihesabu waliobaki. Waliokwenda hawakuwahesabu pamoja na papasi, waliwahesabu pamoja na jicho baya la watu."

Amina akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Tulikuwa tunafikiria mahali pamoja.

Dada, nyuma ya nyumba ile, karibu na mti wa mbono, wamelala watoto wako wawili waliokuja kabla ya wakati. Na yumo mmoja wa mama, aliyekuja kati yako na mimi. Mama alifungwa hirizi. Wewe ulifungwa hirizi, ukamkatia mguu jirani yule uliyemdhania kuwa na jicho, mpaka leo hamsalimiani vizuri. Na muda wote mlikuwa mnalala juu ya ule udongo. Mimi na wewe ni waliobaki. Tumekula ugali wa bada na mboga ya mchunga, tumekua, tumejisifu kuwa damu yetu ni ngumu. Ngumu, ndiyo. Lakini mlango wa ugumu ule ulikuwa mwembamba, na wengine hawakupita.

Sikuandikii haya ili ulie juu ya kibuyu. Ulinipa kwa mapenzi, kama mama angenipa. Ungekuwa na chuki na mimi ungeniacha nife mgeni. Amina amesema niandike kwa herufi kubwa kwamba hana kinyongo, nami sijui herufi kubwa zinaanzia wapi, kwa hiyo naandika mara mbili: hana kinyongo. Hana kinyongo. Kibuyu alikichoma mwenyewe jikoni, hakuniruhusu nimsaidie.

Sasa nasema kama mjomba. Kwetu mtoto wa dada ana baba yake na ana mjomba wake, na neno la mjomba kuhusu tumbo la mpwa wake halipitwi hivihivi. Sijawahi kulitumia neno hilo. Nilikuwa nimelitunza. Leo nalitoa.

Zaina akitoka Manundu ashukie Kabuku, aende moja kwa moja kijiji kipya. Nyumba ya zamani asiingie hata kuaga. Kitanda cha mama kiacheni, wamejaa kwenye viungo vyake. Mikeka ya zamani ichomeni, msiwape hata jirani. Nguo zichemsheni. Papasi hukaa miaka bila kula, dada, akikusubiri, na yai lake huzaliwa na homa tayari, kwa hiyo usidhani ukiweka kibuyu juu ya dari mpaka Zaina ajifungue utakuwa umewashinda. Sakafu mpya ipondeni mpaka ilie kama ngoma, na kila ufa uzibeni. Alale kitanda kilicho mbali na ukuta. Na ikitokea homa, homa yoyote, msisubiri ishuke. Mpelekeni hospitali Korogwe ikiwa juu, mwambieni wa maabara atafute singa zilizosokotwa. Mkisema papasi ataelewa.

Juu ya chatu amini upendavyo, hata ukitaka awe nyoka wa kawaida leo nakubali. Juu ya udongo huu niamini.

Najua lipo jambo moja hukuliandika. Si papasi tu unaotaka kuwahamisha. Nyumba inabomolewa, kaburi la mama linabaki porini, na wewe unataka kitu chake uende nacho ili nyumba mpya isiwe ya watu wasio na kwao. Nimelifikiria hilo bohari, nimelifikiria kitandani. Hapa pana jibu, na hili si la Mihayo, ni langu.

Chukua mafiga. Yale matatu ya mama, meusi, lile moja lenye ufa alilokuwa akiweka upande wa mlango. Papasi hakai motoni. Yamwagie maji yanayochemka, uyafunge kwenye kanga, umpe shemeji ayabebe, akilalamika uzito mwambie nilisema ningeyabeba yote kwa mkono mmoja.

Msalimie shemeji na mguu wake. Msalimie mkwe wetu wa Manundu, mwambie mjomba hajamsahau, anamtazama. Msalimie balozi wa nyumba kumi, na bibi mkunga, na umsomee barua hii bibi mkunga yote, kwani yeye ndiye watakayemsikiliza wengine. Na yule jirani uliyemkatia mguu, dada, huyo nenda kamsalimie mwenyewe kabla ya kuhama.

Amina ana ombi moja. Mkishayapanga mafiga kwenye nyumba mpya, msipikie kitu kwanza. Anaomba maji ya kumwogesha mtoto wa Zaina ndiyo yawe ya kwanza kuchemka juu yake. Akiwa wa kike, jina la mama lipo; limelala huku kidogo tu.

Ndugu yako,
Athumani,
fundi wa kamba wa zamani, mjomba wa Zaina